Jioni ya Opera na Mama Mkwe

Siku hiyo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ya swali moja lililoninyima usingizi: nitakaaje gizani kwa saa tatu nzima karibu na mama mkwe wangu?

Usicheke. Ninyi wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu, na mnawapigia simu kuwauliza wamelalaje. Sisi Wakipsigis wa miaka ya tisini, hata tuliokuwa tumekaa shuleni na kanisani, bado tulikuwa na mpaka wetu. Mama wa msichana unayetaka kumwoa humshiki mkono, huli mbele yake, na mkikutana kwenye njia nyembamba ya shamba la chai, unachepuka na kujifanya unaangalia chai ikoje mwaka huu mpaka apite.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii yangu, nikarudi kwetu Bomet kukaa. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Kazi niliyokuwa nayo ni kufikiri, na hiyo niliifanya bila likizo. Nilikuwa naimba besi katika kwaya ya kanisa letu kule Kericho. Msichana niliyempenda, Chelangat, alikuwa akifundisha watoto wa nasari. Mama yake, ambaye sote tulimwita Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya hiyo hiyo. Haikuwa shida. Akina mama walisimama upande wao, sisi besi upande wetu, na kanisa lilikuwa kubwa la kututosha wote wawili.

Baba yangu na wazee wake walikuwa wamekwenda kwa kina Chelangat mara moja kuomba. Wakasikilizwa, wakapewa chai, wakaambiwa, "Tumewasikia." Basi. Kwetu hakuna anayejibiwa mara ya kwanza. Wazee hurudi tena na tena mpaka wakubaliwe. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini nikaanza kulichambua lile "tumewasikia" kama mtu anayechambua maharagwe. Kwa nini hawakusema "karibuni tena"? Je, ni kwa sababu mimi nina karatasi ya chuo lakini sina mshahara? Nikamwambia baba angoje kwanza nipate kazi. Baba akangoja. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, na wazee wetu hawajarudi.

Hapo ndipo kanisa moja la Vienna, huko Austria, likaalika kwaya yetu, tukaenda. Mwenyeji wetu, Bibi Hilde, mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe kama pamba, alitaka kutufurahisha kabla hatujarudi nyumbani. Akawanunulia wenzetu viti vya juu kabisa katika jumba la zamani la opera, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, lile ambako wafalme walikuwa wakienda. Yeye na mumewe walikuwa na chumba chao kidogo cha pembeni, kama roshani, chenye viti vinne. Viwili vilikuwa vyao. Viwili vingine alivitoa kwa heshima: kimoja kwa mama anayeanzisha nyimbo, na kingine kwa yule anayejua Kiingereza ili amtafsirie.

Wafula, rafiki yangu mwimba tenori, aliposikia alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu. Wazazi wake walitoka upande wa Bungoma kuja kuchuma chai, naye akakulia kati yetu, kwa hivyo alielewa.

"Digrii, leo umepatikana! Hata kwetu mama mkwe haangaliwi hivyo. Wewe utakaa naye kama mko kwenye harusi yenu?"

"Nitasema naumwa tumbo."

"Sema. Halafu yule mama akae na wazungu saa tatu bila kujua ni nini kinalialia pale mbele. Akirudi kwake atasema nini juu yako?"

Hapo aliniweza. Nikikataa, namtupa. Nikikubali, namvunjia heshima. Niliazima suti nyeusi ya mume wa Bibi Hilde, suruali ikaishia juu ya vifundo vya miguu, nikaenda.

Mwanangu, sijawahi kuona mahali pa pili kama pale. Ngazi za marumaru pana kama barabara, taa za vioo zimening'inia kama mvua ya mawe iliyosimama hewani, wanawake wamevaa nguo ndefu zinazofagia sakafu. Mlangoni mtu aliyevaa glavu nyeupe akanyoosha mkono apokee makoti. Bot Chelangat alikuwa na gauni la bluu la kwaya, kitambaa kichwani, na sweta yake nzito ya baridi ya Kericho.

"Anataka nini huyu?" akauliza akiwa ameangalia ukutani, kwa sababu hakutaka kuniangalia mimi.

"Anataka kukuwekea sweta."

"Mimi simjui."

Sweta ikaingia naye.

Bibi Hilde akatupatia viti vya mbele, kwenye ukingo uliofunikwa mahameli nyekundu. Nikashukuru, nikakivuta changu nyuma mpaka kikagonga ukuta. Kutoka pale niliona malaika wa dhahabu kwenye dari na kisogo cha mume wa Bibi Hilde, basi. Taa zikazimwa. Bibi Hilde akawa ananinong'oneza hadithi kwa Kiingereza, nami naisema kwa Kipsigis, lakini naliambia pazia.

"Sisikii," akasema Bot Chelangat bila kugeuka.

Nikasogea kidogo. Jukwaani kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya msichana, anaimba kama anayekatwa.

"Anasema nini?"

Anasema anampenda, mwanangu, kwamba bila yeye hawezi kupumua. Nitamwambiaje mama mkwe maneno hayo?

"Anasema... amefurahi kumwona."

Kijana akaimba, akaimba, akainuka, akapiga magoti tena.

"Amefurahi kwa muda mrefu sana," akasema Bot Chelangat.

Ilipofika mapumziko, tulipelekwa kwenye ukumbi wa vioo na dhahabu ambako watu walikunywa mvinyo kwenye bilauri nyembamba na kula vipande vidogo vya mkate vyenye samaki juu. Mimi niliula wangu nyuma ya nguzo. Bot Chelangat aliula wake akiwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Bibi Hilde alitutazama, mmoja huku na mwingine kule, nadhani alifikiri tumegombana. Kisha yeye na mumewe wakaenda kusalimia marafiki. Tukarudi kwenye kile chumba peke yetu, nami nikasimama karibu na mlango, tayari kutoka.

"Kijana," akasema Bot Chelangat. Alikuwa ameketi, ametazama jukwaa lililofungwa pazia. "Huku hakuna anayenijua. Kwa hivyo nitasema mara moja, na tukirudi nyumbani, sijasema."

Nikaachia kitasa cha mlango.

"Yule wa pale mbele hakusema amefurahi. Mimi si mtoto. Anamtaka yule msichana."

"Ndiyo, mama."

"Sasa anamlilia msichana kwa nini? Wazee wake wako wapi?"

"Hajawatuma, mama. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Sikujua tena tulikuwa tunamzungumzia nani. Nikamwambia labda anafikiri watu wa msichana wamemkataa, kwa sababu hana kazi, na kwa sababu wazee wake walipokwenda waliambiwa tu kwamba wamesikiwa.

Akacheka, kicheko kifupi cha puani, na ndipo nikajua kwamba sijafa.

"Mume wangu alikuja kwetu mara nne. Mara ya tatu baba yangu hakumfungulia hata mlango, na alikuwa ameshamkubali kitambo. Wewe umesoma miaka yote hiyo, hilo hukufundishwa?"

"Nililijua, mama."

"Ulilijua, ukalifikiria mpaka likaharibika." Akavuta sweta mabegani. "Sikiliza. Watu wa huko Chebunyo wametuma mtu kumposa binti yangu. Wana ng'ombe. Baba yake Chelangat amewaambia wangoje, na amewangojesha mpaka amechoka kudanganya. Chelangat analia, anasema wewe utakuja. Mimi nasema, atakuja lini? Mwaka gani?"



"Na hiyo kazi?" nikauliza.

"Nani kwetu ameuliza kazi? Tuliuliza wazee wako wako wapi."

Kengele ikalia ya kuwaita watu warudi. Nilikuwa bado mlangoni. Akakipiga kiti changu kwa kiganja, bila kunitazama.

"Sogeza hapa mbele. Hapa hata hatutazamani, sote tunatazama kule. Ni mahali pazuri sana pa kukaa na mkwe. Na sehemu hii unieleze vizuri. Usinifiche tena."

Nikakaa. Nikamtafsiria kila kitu, mapenzi na kilio. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia la chai kituoni baada ya kupanda kilima. Muziki wenyewe, ambao kabla ya hapo ulikuwa kelele tu masikioni mwangu, ukanifikia. Mwishoni watu walisimama kupiga makofi, na Bot Chelangat akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kutoka juu kabisa wenzetu wakakiitikia, nami nikamsikia Wafula akipiga mluzi. Bibi Hilde alifuta machozi akicheka.

Asubuhi nilimwomba Bibi Hilde simu. Nikapiga katika duka moja la Bomet mjini, ambalo mwenyewe alikuwa mtu wa ukoo wetu.

"Mwambie baba aende tena kwa kina Chelangat Jumamosi hii. Asinisubiri."

"Umepata kazi huko?"

"Sijapata. Aende tu."

"Haya," akasema mwenye duka. "Hata sisi tulikuwa tunashangaa."

Baba alikwenda Jumamosi ile, akaenda kwao tena niliporudi, na huyo Chelangat ndiye unayemwita mama.

Kwa hivyo nakuambia, mwanangu, wewe ambaye najua umerithi kichwa changu. Ukiona unazunguka jambo moja kila usiku, jiulize kama unamheshimu mtu au unamwogopa tu. Mtu unayemheshimu, mwendee, au umtume anayestahili kwenda. Usimjibie maswali ambayo hajakuuliza. Usingoje uwe umekamilika ndipo ugonge mlango, kwa maana waliomo ndani huenda wamechoka kukungoja. Na ukijibiwa nusu, rudi uchukue nusu nyingine.

Mungu akupe ujasiri wa kurudi mara ya pili na ya tatu. Akupe nyumba isiyokosa maziwa, na wakwe watakaokuambia ukweli ukiwa bado na wakati wa kuufanyia kazi. Nenda salama, mwanangu.