Macho ya Manjano Msimu wa Korosho

Macho ya dada yangu yaligeuka manjano msimu wa korosho, kama vile aliuchagua mwenyewe. Msimu wa korosho ndio msimu wa uraka, pombe ya mabibo, na huku kwetu mwenye ini bovu ni mlevi, hakuna mjadala. Dada hakuwahi hata kuunusa. Lakini kule Nambilanje alikoolewa, wifi zake walishamaliza kesi. "Lisemwalo lipo," wakasema, wakamtengea kikombe chake, eti asije akawaambukiza.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilitoka kwetu Marambo nikaenda kumchukua, na niliyowaambia wale wifi mama yetu hakupenda kuyasikia. Tukaenda hospitali kubwa. Baada ya vipimo vingi daktari akasema si pombe, wala si homa ya ini ya kuambukizwa. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe inayolishambulia ini. Mimi nilielewa hivi: sungusungu wameacha wezi, wanampiga mwenye nyumba. Dawa ni za kuwatuliza, za kila siku, na hata akijisikia mzima asiziache bila kuambiwa.

Akapata nafuu, jamani! Macho yakawa meupe, mashavu yakajaa kwa dawa zile, nikamtania kwamba amerudi kuwa bibi harusi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Ramadhani ikaingia, amesharudi kwa mumewe. Mgonjwa ameruhusiwa kula, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Lakini dada akaona akinywa uji na vidonge asubuhi, wifi watasema: si tulisema, hata kufunga hafungi. Akafunga. Vidonge akaviacha, na hakumwambia mtu. Angeweza kuvinywa wakati wa daku! Daktari alituambia hivyo baada ya Idi, tulipomrudisha macho yakiwa manjano kuliko kwanza na tumbo limejaa maji. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Dada, kwa nini lakini?" nilimuuliza pale kitandani.

"Nilitaka wanione nimefunga."

Hakutoka tena wodini. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Matangani mama mkwe wake alinishika mikono, analia kweli, siwezi kumsingizia.

"Mwanangu, dada yako hakuwa mlevi. Kafunga mwezi mzima, tumemwona wote."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Mmemwona."