Simu ya Zamani ya Odessa Threlkeld

Odessa Threlkeld alishona viti vya magari kwa miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha Pruitt Ferry, na katika miaka hiyo yote alichelewa kazini mara moja tu, siku mto ulipofunika daraja. Hata siku hiyo alizunguka kwa barabara ya juu, akafika na viatu mkononi.

Baba yake alikuwa mchimba makaa. Watu waliokula pesa za serikali aliwaita kunguru wa jalalani, naye Odessa alikua akilisikia neno hilo. Kwa hiyo kiwanda kilipofungwa Machi 2020, mwaka wa ugonjwa, alikaa wiki tatu bila kuomba mafao ya kukosa ajira, akisema tutarudi tu. Mimi ni jirani yake, trela yangu, nyumba ya bati yenye magurudumu, iko mkabala na yake. Nilimwambia, "Dada Odessa, umekatwa pesa hiyo kwenye mshahara tangu ukiwa msichana. Hiyo si sadaka." Aprili akakubali. Maktaba ilikuwa imefungwa, lakini mtandao wake ulifika kwenye maegesho, basi tulikaa ndani ya gari langu na kompyuta mpakato tukamfungulia akaunti kwenye tovuti ya jimbo. Baada ya hapo, kila Jumapili ilimpasa kuingia na kujibu maswali ya wiki iliyopita: je, ulikuwa tayari kufanya kazi, je, ulikataa kazi, je, ulipata kipato. Pesa ikaja. Kidogo, lakini ikaja.

Mwisho wa Juni kiwanda kikaandika barua kwamba hakitafunguliwa tena. Wiki hiyohiyo alikuwa na pesa ya kulipia simu au gesi ya kupikia, si vyote viwili. Akachagua gesi. Simu ikakatwa, naye akanunua dukani laini ya bei nafuu ya kujaza vocha, yenye namba mpya. Alifikiri namba ni namba.

Jumapili ya tarehe tano Julai tuliingia kwenye tovuti kama kawaida. Akaandika jina, akaandika neno la siri. Ukurasa ukajibu: *Tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 46.*

"Hiyo ndiyo niliyoiacha," akasema.

Tulitafuta mahali pa kubadilisha namba. Palikuwa ndani ya akaunti.

Tangu siku hiyo aliujaribu mlango huo kila siku, wakati mwingine mara mbili, kama mtu anayerudi kuangalia kama kweli alipoteza funguo. Ofisi zote za jimbo zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa, na simu yao ilikuwa haishikiki. Julai ikaisha. Alipunguza chakula bila kuniambia, lakini nilijua, kwa sababu alianza kusema ameshakula kila nilipompelekea maharage na mkate wa mahindi, na asubuhi sahani inarudi imekwanguliwa mpaka inang'aa.

Tarehe sita Agosti ilikuja barua. Ilisema asipojibu maswali ya wiki zake zote ifikapo Ijumaa ya tarehe kumi na nne, saa kumi na moja jioni, dai lake litafungwa. Anayetaka kuomba upya, atumie akaunti yake.

Siku hiyohiyo Bwana Stamper, msimamizi wa uwanja wetu wa trela, alibandika karatasi mlangoni pa Odessa: kodi ya kiwanja ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi, au aiondoe trela yake.

"Niiondoe niipeleke wapi?" Odessa aliniuliza. "Ya mwaka sabini na nne hii. Hakuna uwanja unaopokea trela kuukuu namna hii. Na wakiivuta utabaki na mlango mkononi."

Hakuwa akinitania. Sakafu ya jikoni alikuwa ameishikiza kwa mbao mbili.

Jumatatu ya tarehe kumi alianza kupiga simu ya ofisi saa mbili kamili asubuhi, na Jumanne akaendelea. Niliweka alama kwenye karatasi. Mara ya mia moja na kumi na mbili mtu akapokea. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya kukosa usingizi.

"Ni rahisi sana, mama. Ingia kwenye akaunti yako, fungua sehemu ya taarifa zako, badilisha namba."

"Siwezi kuingia, mwanangu. Namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya zamani."

"Sawa. Basi ichukue huko kwenye simu ya zamani."

"Sinayo. Ilikatwa."

"Pole sana. Basi inabidi ubadilishe namba."

"Ndilo ninalokuomba."

"Ndiyo, mama. Ingia kwenye akaunti yako…"

Odessa akafumba macho. "Mwanangu, unasikia tunachosema mimi na wewe?"

"Nasikia, mama. Mimi hapa sina kitufe cha kubadilisha. Ningekuwa nacho ningekibonyeza. Naweza kukuandikia ombi, linashughulikiwa baada ya siku thelathini za kazi."

"Zimebaki tatu."

"Pole sana, mama," akasema, na nadhani alimaanisha.

Odessa alikaa kwenye ngazi za trela yake, simu mapajani. Baadaye akauliza, "Idabel, ile namba yangu, mtu akiipiga inaita?"

"Sijui."

Akaipiga. Ikaita. Sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Nani?"

"Samahani, kaka. Naitwa Odessa Threlkeld. Namba unayotumia ilikuwa yangu."

"Odessa!" Mtu yule alipaza sauti hadi nikaisikia nilikokaa. "Ndiye wewe? Kwanza kabisa, nenda kwa daktari wa meno."

"Nini?"

"Kanipigia mara nne. Hukwenda miadi yako. Nimemwambia, mama, mimi meno yangu nayalaza kwenye glasi, hayahitaji miadi."

Odessa akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Juni, na kilimponza kicheko hicho, kwa sababu alilegea akalisema jambo lake moja kwa moja. Kwamba kuna ujumbe wa tarakimu sita unafika kwenye simu hiyo. Kwamba akiomba mwingine sasa hivi, je, angemsomea?

"Aa-aa," mtu yule akasema. "Nilijua tu. Shemeji yangu alimsomea tarakimu kama hizo mwanamke mwenye sauti tamu kama yako. Kulipokucha, benki hakuna hata senti. Tafuta mjinga mwingine, bibie."

Akakata. Odessa akapiga tena mara tatu, haikupokelewa.

"Na ana haki," akaniambia. "Mimi pia nisingesoma."

Jumatano asubuhi akapiga tena, safari hii kwa spika. Mtu yule akapokea kwa kusema, "Umeng'ang'ana kama kupe."

"Usinisomee," Odessa akasema upesi. "Niulize tu. Niulize kitu ambacho tapeli hawezi kukijua."

Tulisikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine ya upepo, kama ya kujaza matairi.

"Haya. Kuna mama anapiga kila Jumapili baada ya ibada. Nani?"

"Fern. Dada yangu."

"Anakuitaje?"

"Dess."

"Anaongea habari gani?"

"Goti lake," Odessa akasema. "Na likishakwisha goti, paka."

Mtu yule akashusha sauti. "Wiki sita nasikiliza habari za goti. Namwambia mimi siye, mama, anasema nina mafua, ninywe maji ya moto. Kwa nini hujampa namba mpya, wewe?"

"Masikio yake mabovu. Na angeuliza kwa nini nimebadilisha."

"Kwa nini ulibadilisha?"

"Nilishindwa kulipa."

Mashine ya upepo ikazimwa. "Naitwa Royce Amburgey," akasema. "Niko Callis, nafanya matairi. Sikiliza. Binti yangu kaniapisha kwa Biblia nisimsomee mtu tarakimu kwenye simu, na sitasoma. Lakini hakuniapisha kwamba mtu asije akazisoma mwenyewe. Ijumaa natoka saa tisa. Njoo kwenye maegesho ya maktaba ya huku. Uje na leseni yenye picha."

Callis ni maili arobaini kutoka kwetu. Ijumaa nilitia petroli ya kwenda na kurudi, tukafika saa nane na nusu, na mtandao wa maktaba ya kule ukakamata vizuri. Saa tisa ikafika. Tisa na robo. Tisa na nusu. Odessa alikuwa amevaa blauzi yake ya kanisani. Kila pikapu iliyoingia aliinyooshea shingo.

"Amebadili mawazo," akasema.

"Anakuja."

"Idabel, wakilifunga lile dai, mimi sina pa kwenda. Sisemi kwa kutia chumvi. Nimewaza kila mtu ninayemjua, mmoja mmoja, na Fern analala sebuleni kwa mkwewe."

Royce Amburgey alifika saa kumi na dakika kumi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akiapa kwamba lori lilikuja na matairi manne ya kubadilisha. Alisimama mbali kidogo na dirisha letu. "Shusha barakoa nikuone."

Odessa akaishusha. Royce akatazama leseni, akatazama uso, akatazama leseni.

"Umekonda," akasema.

"Nimekonda," Odessa akakubali.

Akatoa simu yake. Ilikuwa ile ya kukunja, yenye kioo kidogo kama kiberiti. Odessa akaandika jina na neno la siri kwenye kompyuta, akabonyeza. Simu ikalia. Royce akafungua ujumbe, akamnyooshea kupitia dirishani, naye akanakili tarakimu.

*Namba si sahihi. Umebakiza majaribio mawili.*

Nikaichukua ile simu. Ndani mlikuwa na ujumbe kama huo zaidi ya arobaini, wa kila siku aliyojaribu. Royce hakuufuta hata mmoja, na alikuwa amefungua wa tarehe kumi na nane Julai.

"Nilijua ni vya mtu," akasema kwa aibu. "Kufuta vitu vya mtu si vizuri."

Tukaomba mpya. Tulingoja. Saa kumi na dakika ishirini na moja ikalia. Safari hii nilimwonyesha ujumbe wenyewe, wa sasa. Lakini Odessa alikuwa amepandisha barakoa, na kwa joto la pumzi miwani yake ilijaa ukungu, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilishakufa ganzi kwa ajili ya mashine ya kushonea. Akabonyeza tatu mahali pa sita.

*Umebakiza jaribio moja. Ukikosea, akaunti itafungwa kwa saa ishirini na nne.*

Saa ishirini na nne zingeangukia Jumamosi.

Odessa alitoa mikono yake kwenye kompyuta akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu. "Sigusi tena. Idabel, andika wewe. Miye sioni. Kaka Royce, sioni hata kidogo."

Nilivuta kompyuta kwangu, nikaomba namba nyingine. Dakika tatu. Nne. Simu ikalia mkononi mwa Royce. Nikamwambia aisogeze karibu, lakini jua lilikuwa linapiga kile kioo na mimi pia sikuona ila mwanga.

Royce aliitazama simu, kisha akamtazama Odessa, aliyekuwa bado amekalia mikono yake.

"Binti yangu asijue," akasema, akaanza kusoma kwa sauti. "Nne. Sifuri. Nne. Tisa. Umeandika tisa?"

"Nimeandika."

"Moja. Saba. Ngoja usibonyeze." Akasoma tena zote kutoka mwanzo, polepole, kama anayesoma majina ya marehemu kanisani. "Bonyeza."

Ukurasa ukafunguka. Juu yake palikuwa na maneno *Karibu, Odessa*.

Ilikuwa imebaki nusu saa. Wiki sita, kila wiki maswali manane. Mimi nilisoma, Odessa akajibu, mimi nikabonyeza, Royce amesimama juani ameshika simu kama mtu aliyeambiwa asithubutu kuishusha. Saa kumi na dakika hamsini na mbili tukamaliza wiki ya sita. Ukurasa ukaandika: *Majibu yako yamepokelewa. Dai lako liko wazi. Malipo yanachunguzwa.*

"Liko wazi," nikasema.

Odessa akainamisha kichwa kwenye dashibodi. Hakulia, alipumua tu. Royce alitupa kisogo, akajifanya anakagua tairi letu la mbele.

"Hili limekwisha," akasema. "Nani anaendesha na tairi kama hili?"

"Sasa badilisha namba kabla hatujatoka," Odessa akaniambia. Nikafungua sehemu ya taarifa zake, nikaandika namba mpya, nikabonyeza. Nilisoma jibu mara mbili kabla ya kumsomea. *Namba ya simu haiwezi kubadilishwa wakati malipo yanachunguzwa.*

"Wanachunguza kwa muda gani?" Royce akauliza.

"Hawakusema."

"Kwa hiyo Jumapili…"

"Jumapili ina wiki mpya," Odessa akasema. "Namba itakuja tena kwako."

Royce alifuta mikono kwenye suruali. "Jumapili siko Callis. Binti yangu ananipeleka kwake, milimani, na kule simu haishiki. Narudi Jumatatu." Akafikiri. "Jumatatu saa tisa. Nitajitahidi nisichelewe."

"Nitakuwa hapa," Odessa akasema.

Royce akaingia kwenye pikapu yake akaondoka. Niliwasha gari, na mshale wa petroli ukapanda kidogo, ukasimama chini ya robo. Odessa aliutazama pamoja nami.

"Ya kurudi inatosha?" akauliza.

"Ya kurudi inatosha."

Tukashika barabara ya Pruitt Ferry. Baada ya maili kama kumi Odessa akafungua pochi yake, akahesabu kilichokuwamo bila kukitoa, akaifunga.

"Bwana Stamper ana mashine ya kukata nyasi iliyokufa," akasema. "Kesho nitamwomba aniongezee siku za kulipa kodi, nimkatie uwanja mzima kwa mundu. Na wewe, Idabel, ukiona nimemwomba mtu yeyote hapa njiani petroli ya Jumatatu, usinizuie."