Mwache Alie

Mjukuu wangu alizaliwa Garissa miaka ya tisini, wakati mabasi ya Nairobi yalisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Majina ya waliokuwepo ninayo yote kichwani, lakini siyaandiki.

Akilia, alikuwa mzima. Akinyamaza, au akipewa titi, midomo iligeuka rangi ya wino. Daktari alisukuma mpira mwembamba tundu hili la pua, na lile, ukagota. Akasema mfupa umeziba huko nyuma tangu tumboni, na mtoto mchanga hajui kuvuta pumzi kwa mdomo ila akilia. Akamfungia mdomoni chuchu ya chupa iliyokatwa ncha, mdomo usifumbe. Kupasuliwa ni Nairobi.

Wanawake waliokuja kutazama uzazi wakasema arobaini haijaisha, mzazi hatoki. Binti yangu alitoka.

Kwenye basi ile chuchu iliteleza kila tulipoingia shimo. Nikawa namfinya mtoto unyayo.

“Ayeeyo, bibi yetu, mwambie mama yake amnyonyeshe, masikio yetu!” kijana mmoja akapaza sauti.

“Akinyamaza anakufa, mwanangu.”

“Basi mfinye na dereva, naona anasinzia.”

Watu wakacheka. Mwanamke wa kiti cha mbele akamchukua mtoto kwa huruma, akambembeleza. Mtoto akatulia. Binti yangu alimpokonya kabla mimi sijainuka, akamtikisa mpaka kilio kikatoka. Hakuna aliyecheka tena.

Nairobi waliutoboa ule mfupa kupitia puani, wakashona mirija miwili humo ili matundu yasijifunge. Akalala mdomo umefumba, anapumua. Mama yake hakuamini. Alikaa na kiganja mbele ya mirija, chakula kikipoa.

Siku ya kuitoa, alimwambia daktari, “Iache humo humo.”

“Itamharibu pua, mama.”

Ikatolewa. Haukupita muda, upande wa kushoto ukaziba tena kwa kovu. Wakapasua mara ya pili. Ukaziba. Daktari akasema sasa mtoto ameanza kujua kupumua kwa mdomo, tundu moja litamtosha, twendeni nyumbani.

“Na hilo likiziba?” binti yangu akauliza.

“Mtamleta.”

Tulishuka Garissa msimu wa vumbi. Askari wasingesindikiza tena magari ya Nairobi mpaka kesho yake, na mtoto alikuwa ameanza mafua.