Kadi ya Jina Lililoachwa Unyagoni

Miaka ya elfu mbili, walipotuita Ruangwa kwenye semina ya kompyuta, mwalimu alitumia asubuhi nzima kutueleza kwamba takwimu si taarifa, taarifa si maarifa, na kila mgonjwa lazima awe na namba yake moja isiyobadilika. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikaa wima, maana hilo la namba nililijua zamani, na nusura nilijue kwa kuua mtoto wa watu.

Miaka ya tisini nilikuwa nesi kwenye zahanati moja ya kijijini upande wa Chiola, Nachingwea. Kadi za wagonjwa zilikaa kwenye masanduku ya mbao, zimepangwa kwa herufi za majina. Niliyezipanga ni mimi, na nilijivuna kweli. Ukinitajia jina, hujamaliza kukohoa kadi iko mezani.

Mchana mmoja, wiki chache baada ya wasichana kutoka unyagoni, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka kama kumi na miwili. Mama wa mtoto alikuwa safarini. Mtoto anahema juu juu, mbavu zinaingia ndani, mwili unawaka. Nimonia, tena mbaya. Nikauliza jina, bibi akalitaja. Nikatafuta kadi, hakuna. Nikatafuta tena kwa hasira, hakuna. Nikaandika "mgonjwa mpya" na kuvuta penisilini kwenye bomba la sindano. Sikuuliza kitu kingine. Kama kungekuwa na onyo, lingekuwa kwenye kadi. Kadi hakuna, basi na onyo hakuna. Ndivyo nilivyofikiri, Mungu anisamehe.

Nilipomgeuza alale vizuri, gauni likateleza begani. Nikaona kovu la chanjo ya utotoni. Nikasita. Mtoto wa vijiji vile angechanjwa wapi kama si kwetu?

"Bibi, huyu hajawahi kuja hapa?"

"Kaja sana tu."

"Sasa mbona hana kadi?"

Bibi akatazama pembeni. "Yule mwenye kadi hayupo tena. Huyu ndiye aliyetoka unyagoni."

Loo! Mtoto wa kwetu akishachezwa unyago hupewa jina jipya, la zamani linaachwa hukohuko, na kumwita kwalo ni kumtukana. Sikuwa mgeni wa mambo hayo. Nilichezwa mwenyewe, na nilishawahi kumrushia kaka yangu mwiko kwa kunitania kwa jina la utotoni. Lakini haikunijia hata siku moja kwamba masanduku yangu hayajui habari za unyago.

"Nitajie la zamani."

"Siwezi, mwanangu. Anasikia."

"Bibi! Mficha maradhi kilio humfichua!"

"Sifichi maradhi. Namsitiri mtu."

Nilitamani kupiga kelele. Nikaiweka sindano chini. "Haya, nitajie la mama yake." Hilo alilitaja upesi. Nikamwaga masanduku yote mezani, kazi yangu ya miaka, nikaanza kupekua kadi moja moja nikitafuta jina la mama. Mtoto anakoroma kifuani, bibi ananitazama mikono. Nikaipata. Kijiji kilekile, mama yuleyule, umri unalingana. Na juu yake, kwa wino mwekundu: "Asichomwe penisilini. Alivimba uso na koo." Mwandiko ulikuwa wangu, wa miaka mingi nyuma.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamwaga ile dawa, nikamchoma nyingine isiyo ya jamii ile. Bibi nilimweleza yote bila kumpunguzia.

Siku ya tatu mtoto alikuwa anapumua vizuri na kununa kwamba uji hauna sukari. Nikaingia stoo ya dawa, nikafunga mlango, nikalia huku nacheka. Sijawahi kupata faraja kama ile, hata siku niliyojifungua mwanangu wa kwanza. Wiki hiyohiyo nilianza kuandika namba kwenye kila kadi na kwenye daftari kubwa. Wenzangu wakanicheka, eti nesi kageuka karani. Wacha wacheke! Namba haichezwi unyago.

Asubuhi ya kuwaruhusu, nilikuwa nimeshika ile kadi ya zamani pembeni ya kitanda. Bibi akatazama kama mtoto amelala, akaniinamia sikioni na kulitaja lile jina, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Andika yote mawili," akasema. "Ningemzika kwa kulinda jina."

"Bibi, nimesikia," ikasema sauti kutoka kitandani.

Tukageuka wote wawili. Bibi akajifunika mdomo kwa kanga. Mtoto akajiinua kwa kiwiko, akatutazama mmoja mmoja.

"Andikeni tu," akasema. "Mimi ni huyohuyo."