Mkwe aliniambia nisubiri hisa zipande, kumbe zake ameshauza

Assalamu aleikum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche, tafadhali. Nina miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu, na shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo nikikosea kuandika mnisamehe. Mimi ni mama karanga, ndivyo huku tunavyoitwa, nakaanga samaki nikauza kando ya barabara hapa Msambweni. Naandika haya kwa hasira.

Mwaka juzi niliuza kipande changu cha minazi kule Bodo, nilichorithi kwa marehemu baba. Pesa nilitaka ziwe za chuo cha kitinda mimba wangu, ambaye bado yuko sekondari. Mume wa binti yangu mkubwa, anayefanya kazi ya ofisi hotelini Diani, akasema zisilale bure, tununue hisa za kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza vitu vya ndani ya kompyuta. Yeye mwenyewe alikuwa nazo. Nikakubali. Simu yangu ni kabambe, hii ndogo ya vibonyezo isiyo na intaneti, basi akaninunulia kwa simu yake.

Sasa mjue, kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Akija, natenga chakula narudi jikoni. Hatukai tukazungumza. Neno langu hupitia kwa binti yangu, na lake hivyo hivyo. Nilikuwa na maswali chungu nzima, lakini nitamhoji vipi mkwe mambo ya pesa?

Mwaka huu hisa zikaanguka. Zilianza kidogo kidogo, halafu zikaporomoka mpaka ikabaki kama nusu ya nilichoweka. Mume wangu akanicheka: "Minazi ilikuwa inaangusha nazi tukala. Hii yako inaanguka yenyewe!" Wenzangu barabarani nao: "Mama Hisa, leo fungu bei gani?" Binti akaniletea maneno ya mumewe: "Anasema, Mama usiwe na pupa. Kampuni haijafa, bado inauza. Pesa huzihitaji leo. Ukiuza sasa kwa woga, hiyo hasara umeichukua mwenyewe." Maneno yale yaliniingia. Nikayashika, nikawa nawajibu watu nimenyoosha shingo.

Wiki iliyopita nikamuuliza binti yangu, hivi hivi tu, "Na za mume wako zimefika wapi?"

Akainama, akawa anachezea ncha ya leso. "Mama, usikasirike."

"Nikasirikie nini?"

"Zake aliziuza kabla ya Ramadhani. Zilipoanza tu kushuka."

Wallahi! Yaani ananihubiria subira, naye ameshakimbia! Nikamwambia, "Na wewe ulijua, ukaja kunikalisha hapa na maneno yake?" Akalia. Eti mumewe aliona aibu kuniambia niuze kwa hasara kitu alichoninunulia yeye. Aibu! Aibu yake ndiyo iumeze urithi wa baba yangu? Masomo ya mwanangu?

Jumamosi wanakuja, binti na mumewe. Mume wangu anasema nimfokee mbele ya watu mpaka anirudishie pesa yote. Natamani, haki ya Mungu natamani. Lakini nikimfokea, binti yangu ndiye atakayerudi naye nyumbani na ile hasira. Na kuna linalonikera zaidi: nikiyarudia yale maneno yake sioni uongo ndani yake. Kampuni ipo. Mtoto bado yuko shule. Leo sina haja nazo. Kijana kanishauri vizuri, halafu yeye mwenyewe hakuweza kuufuata ushauri wake!

Sasa nisaidieni, ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoyajua mambo ya hisa na nyinyi mlio na wakwe. Nivunje haya nikae naye uso kwa uso? Niuze niokoe kilichobaki, au nishikilie? Niambieni nifanye lipi, maana mimi sijui tena kama nasubiri kwa kuelewa, au nasubiri kwa sababu niliona haya kuuliza.