Bangili ya Laini ya Dar

Laini ya Dar es Salaam ilikuwa moja, na sisi tulikuwa wawili. Miaka ile ya mwisho wa sitini nilikuwa opereta wa simu mjini Unguja, nikikaa bega kwa bega na bibi mmoja aliyenitangulia kazini na kwa umri. Nikimwita Bi Mkubwa, naye akiniita mwanangu, hata aliponigombeza. Kila mmoja alikuwa na tundu lake kwenye swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, lakini matundu yote mawili yaliingia kwenye laini ile ile. Ukitaka kujua kama iko wazi, unagusa tundu kwa ncha ya waya. Ikikwaruza sikioni, mwenzio anaitumia. Ikinyamaza, unachomeka waya, mteja wako anaongea.

Basi ikaanza kuchanganya watu. Mtu wa ujenzi wa Michenzani alikuwa akiulizia saruji, na mama mmoja wa Malindi akiulizia posa ya binti yake. Mama akajibiwa kwamba mzigo uko tayari, aje na wabebaji. Alikata simu, akaja ofisini kwa miguu.

Mkuu wetu alileta fundi. Fundi akafungua, akafunga, akabadilisha nyaya ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Kisha mkuu mwenyewe akasimama nyuma yetu asubuhi nzima, na laini haikukosea hata kidogo. Alipoondoka tu, ikakosea. Akaamua kwamba mmoja wetu hasikii vizuri, na kwa kuwa Bi Mkubwa ndiye mwenye mvi, masikio mabovu yakawa yake. Yakiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, aende nyumbani. Bi Mkubwa alikuwa mjane, na nyumba nzima ikimtazama yeye. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Mtu aliyesikia kila nilipotafuna kashata kwa siri, leo kiziwi!

Kilichonisumbua ni ile asubuhi. Kwa nini laini imwogope mkuu? Nikaanza kututazama sisi badala ya nyaya. Mkuu akiwepo, tulikuwa tunagusa na kuchomeka papo hapo. Akiondoka, tunarudi kuwa watu: unagusa, laini iko kimya, unamrudia mteja. "Laini ipo, bwana. U hali gani? Watoto? Na bibi, mguu wake?" Ndipo unachomeka. Wakati mimi niko kwenye mguu wa bibi, Bi Mkubwa naye anagusa, anasikia kimya, anaanza salamu zake. Tukimaliza, tunachomeka wote wawili, na wateja wetu wanachanganyika.

Nikamwambia tuchomeke kwanza, salamu zifuate. Alinitazama kama niliyemwambia aje kazini bila buibui.

"Nimtie mtu kwenye laini sijamjulia hali? Mie sikulelewa hivyo, mwanangu."

Nikamwomba bangili yake ya fedha, nikaitundika kwenye msumari katikati yetu. Anayetaka Dar avae bangili kwanza, ndipo aguse, asalimie mpaka achoke, achomeke. Mazungumzo yakiisha, airudishe. Msumari ukiwa mtupu, unangoja.

Laini ikatulia. Halafu, siku ya mwisho ya mwezi, mkuu akapiga kutoka chumbani kwake akitaka Dar. Bi Mkubwa alikuwa chumba cha nyuma anasali adhuhuri.

"Laini iko wazi?"

"Naam, iko wazi."

"Basi nipe."

"Siwezi, bwana. Bangili inasali."

Alikuja mbio. Nilimweleza yote, nikiona nimemfukuzisha Bi Mkubwa kwa mdomo wangu. Mkuu akaugusa msumari mtupu kwa kidole. Bi Mkubwa alipotokea, akamwambia, "Bibi, ukienda kusali, uivue." Habari ya masikio hatukuisikia tena.

Bi Mkubwa alistaafu baada ya miaka, kwa hiari yake. Alichukua kikombe chake na mto wake wa kukalia, akashuka. Nikamkimbilia ngazini na bangili.

"Irudishe msumarini," alisema. "Na usiwafanyie watu haraka, mwanangu."