Niliomba Safari Ifungwe

Ndugu zangu, wivu umeniaibisha mbele ya kanisa zima hapa Bwera. Mimi na Masika ni mainjinia wa maji Kasese, na sote tuliomba nafasi moja ya kwenda Chad kuchimba visima kama wamisionari. Nilipomwona akitoka kwa mchungaji anacheka, nikajua amechaguliwa yeye. Msichana niliyemfundisha mwenyewe kuunga bomba! Chakula kikanishinda.

Jumapili mchungaji akaniita. “Injinia, kuja mbele uombee hii safari.”

Nikafumba macho, nikapaza sauti: “Bwana, kama injinia huyu ana kiburi, mfungie njia!”

“Amina!” likaitikia kanisa, na Masika akaitikia kuliko wote.

Nilipofumbua macho, mchungaji alikuwa amenishika bega.

“Lakini ndugu,” akasema taratibu, “injinia tunatuma iko wewe.”